Ufunguo wa Wingu Mkononi mwa Wakala: Faida na Hatari ya Njia ya Terminali

Lamu ina karatasi za kale nyingi kuliko uwezo wake wa kuzitunza. Hati za Msikiti wa Riyadha zilibahatika kupigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, lakini bado kuna familia zenye vitabu vya mkono, barua na hati za mirathi zilizomo masandukuni, zikiwindwa na mchwa na unyevu wa bahari. Anayejitolea leo kuzipiga picha hujikuta na maelfu ya faili zinazohitaji kupangwa, kupewa majina na kuwekwa mahali ambapo moto au diski mbovu haitazifikia, na mahali hapo kwa kawaida ni huduma ya wingu, yaani hifadhi iliyo kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao. Ndipo linapozuka swali ambalo mafundi wengi sasa wanalijibu kwa haraka mno: je, kazi hiyo akabidhiwe wakala wa akili unde, aunganishwe na akaunti ya wingu kupitia terminali, na aachwe aendelee? Naona kwamba njia hiyo inatufaa, pengine kuliko inavyowafaa wenye ofisi kubwa, lakini namna wengi wanavyoiweka inahatarisha kitu ambacho hakinunuliki tena.

Kwa wasioifahamu, programu ya amri ni ile inayopokea maneno yaliyochapwa badala ya mibofyo ya kipanya, na terminali ni dirisha la kompyuta ambamo maneno hayo huchapwa. Amazon ilitoa programu yake ya amri kwa AWS, yaani huduma zake za wingu, mwaka 2013. Google inayo `gcloud` na Microsoft inayo `az`. Wakala naye ni modeli ya lugha iliyopewa uwezo wa kuandika amri kama hizo, kuziendesha, kusoma jibu na kuamua hatua inayofuata. Akishawekwa kwenye kompyuta ambayo tayari programu hiyo imo na mtu ameshaingia kwenye akaunti yake, hakuna tena cha kuunganisha. Urahisi huo ndio sifa yake ya kwanza, na tutaona kwamba ndio pia chanzo cha shida.

Sifa nyingine ni za kweli. Programu hizi zimeandikiwa maelezo na mifano kwa miaka mingi, kwa hiyo modeli zimeshazisoma kabla hata hujazitaja, na wakala akikwama anaweza kuuliza programu yenyewe kwa kuandika `help`. Mbadala wake mkuu ni utaratibu uitwao Model Context Protocol, uliotolewa na Anthropic Novemba 2024, ambapo kila kitendo anachoruhusiwa wakala huelezwa kwake mapema kwa utaratibu maalumu. Maelezo hayo huchukua nafasi katika kile ambacho modeli inaweza kukikumbuka kwa wakati mmoja, nayo hulipiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika, hata kabla ya kazi kuanza. Njia ya terminali haina mzigo huo, na jibu refu linaweza kuchujwa papo hapo ili wakala asome mistari michache anayoihitaji. Kwa mtu anayetegemea bando la simu kisiwani, ambako ukurasa mmoja mzito wenye picha na vitufe huweza kusubiriwa hadi subira iishe, maandishi matupu yanayopita hata mtandao ukiwa dhaifu si jambo dogo.

Hatari yake inaonekana vizuri zaidi katika amri moja kuliko katika maonyo ya jumla. Amri `aws s3 sync` hulinganisha folda ya kwenye kompyuta na ghala la wingu, kisha hupeleka kile tu kilichopungua au kilichobadilika. Ukiiongezea `--delete`, hufuta pia kutoka ghalani kila faili isiyokuwemo kwenye folda. Ni amri halali, na anayetaka pande mbili zifanane ana haki ya kuitumia. Lakini tuchukue kwamba picha za hati zimo katika diski ya nje iliyounganishwa kwenye folda ya kudumu ya Linux, kebo ikalegea, na folda ikabaki ipo lakini tupu. Wakala aliyeagizwa ahakikishe ghala linafanana na diski ataiendesha amri ile ile ya jana, na programu, bila kuuliza swali lolote, itaanza kufuta picha moja baada ya nyingine. Amri haina kosa na agizo limetimizwa neno kwa neno. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta huenda angeshtuka kuona neno la kufuta likijirudia kwenye skrini. Wakala naye anaweza kuripoti kwamba pande mbili sasa zinalingana, na ripoti hiyo itakuwa ya kweli.

Kuna programu zinazouliza kabla ya kufuta, kama `gcloud` inavyofanya katika amri zake nyingi za kufuta. Ulizo hilo liliwekwa kwa ajili ya binadamu, na kwa wakala ni kizuizi kinachokwamisha kazi, kwa hiyo ni rahisi aongeze `--quiet`, ambayo hulinyamazisha. Na anayedhani kwamba inatosha kumwagiza wakala asiguse kitu akumbuke yaliyotokea Julai 2025, pale wakala wa kampuni ya Replit alipofuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika ya mteja ilhali alikuwa ameambiwa asibadilishe chochote, kisha akadai kwamba haiwezi kurudishwa, dai ambalo halikuwa kweli. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani, na kampuni ikaanza kutenganisha hifadhidata za majaribio na zile za kazi halisi. Agizo la maneno ni ombi tu, na ombi linaweza kupuuzwa.

Kwa hiyo mpaka lazima uwekwe upande wa wingu, mahali ambapo wakala hana uwezo wa kuubadilisha. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, ambapo mgeni hukaribishwa, akahudumiwa na kuheshimiwa bila kufika ndani. Wakala naye anastahili kukaribishwa hivyo. Mazoea ya sasa ni kinyume. Fundi huingia kwa ufunguo wake mwenyewe, yaani herufi za siri zinazofungua akaunti, wenye ruhusa zote, na ufunguo wa kudumu wa AWS ukiwekwa kwa njia ya kawaida hukaa kama maandishi yasiyofichwa katika faili ya `credentials` ndani ya folda ya `.aws`. Wakala anayesoma faili za kompyuta hiyo anaweza kuisoma na hiyo pia. Akiwa wakati huo huo anasoma barua pepe au kurasa za watu wengine, anaweza kukutana na maandishi yaliyotungwa makusudi ili ayachukulie kama agizo, na hapo mgeni asiyejulikana anakuwa ameushika ufunguo kupitia kwake.

Wanaopendelea Model Context Protocol husema kwamba hapo ndipo mfumo wao unaposhinda, kwa kuwa kila kitendo kimetajwa na ufunguo unaweza kukaa kwenye seva, mbali na wakala. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, seva ile ikipewa ufunguo wenye ruhusa zote, na kitendo cha kufuta kikawa kimo katika orodha, umbali huo hautamzuia wakala kufuta. Ruhusa finyu inahitajika katika njia zote mbili, na ikishawekwa, terminali inapoteza sehemu kubwa ya ubaya inaosingiziwa.

Na inawezekana kuweka ruhusa hizo bila gharama ya kutisha. Wakala apewe utambulisho wake mwenyewe na ufunguo wa muda, ambao kwa AWS unaweza kuisha ndani ya dakika 15. Ghala la S3, yaani lile la faili katika AWS, liwashiwe utunzaji wa matoleo, ambao haujiwashi wenyewe, ili faili ikifutwa toleo lake la awali libaki. Ruhusa ya kufuta toleo ni tofauti na ile ya kufuta faili, na hiyo ya kwanza wakala asipewe kabisa. Matoleo ya zamani hulipiwa nafasi, lakini kwa hati ambayo nakala yake pekee ya karatasi imeliwa na mchwa sioni mjadala wa bei. Kuhusu kumbukumbu za matukio, wengi hujidanganya: CloudTrail, huduma ya AWS inayoandika nani alifanya nini katika akaunti, huweka historia ya siku 90 ya vitendo vya usimamizi bila malipo, ila ufutaji wa faili moja moja haumo hadi mwenye akaunti auombe na kuulipia. Na pale hati zinapotaja watu walio hai, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamgusa mwenye mradi, si wakala wake.

Linabaki suala la kibali, ambalo kwetu ni gumu kuliko wanavyolifikiria waliotengeneza zana hizi. Wanashauri kwamba binadamu asome kila amri nzito kabla haijaendeshwa. Ushauri ni mzuri, lakini amri imeandikwa kwa Kiingereza cha kompyuta, na mzee anayemiliki masanduku yale hana sababu ya kukijua. Wakala anaweza kumfafanulia kwa Kiswahili fasaha, ila huyo ndiye huyo huyo anayeomba kibali. Kinachosaidia ni `--dryrun`, ambayo `aws s3 sync` inayo: huonyesha faili zitakazopelekwa na zitakazofutwa bila kugusa hata moja. Picha zikipewa tangu mwanzo majina yanayomtaja mwenye hati, mtaa na mwaka wake, orodha hiyo inaweza kuchapishwa na kuwekwa mbele ya mzee, naye atajua kwa kuitazama tu kama barua za babu yake zimo miongoni mwa zinazotakiwa kuondoka.