Chapa Iliyobaki Stoo

Bajeti ya masoko inapopunguzwa, fungu la kwanza kutiliwa shaka huwa ni lile linalokwenda dukani: posho za wapangaji wa rafu, yaani watu ambao kampuni huwatuma kupanga bidhaa zake madukani, mafunzo ya wauzaji, vibao na stendi za kuonyeshea bidhaa. Wanaolipinga fungu hilo husema kwamba mzigo ukishapokewa na duka, kuutunza ni kazi ya mwenye duka, na kwamba fedha hizo zingefanya kazi zaidi kwenye matangazo yanayomfikia mteja akiwa bado nyumbani. Ni hoja yenye uzito, lakini naona inasahau namna duka la leo linavyouza.

Zamani mteja alisimama mbele ya kaunta akaomba sabuni, na muuzaji ndiye aliyemchagulia. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, akamruhusu mteja apite katikati ya rafu na kujichukulia mwenyewe. Utaratibu huo ukaenea duniani, na pamoja nao akatoweka yule mtu aliyekuwa akisema, "Chukua hii, ndiyo nzuri." Tangu hapo chapa hujieleza yenyewe kwa pakiti yake, kwa mahali ilipowekwa, na kwanza kabisa kwa kuwapo.

Kuwapo huko ndiko kunakodharauliwa. Mwaka 2002 watafiti Thomas Gruen, Daniel Corsten na Sundar Bharadwaj walichambua tafiti kutoka nchi mbalimbali na kukuta kwamba, kwa wastani, asilimia 8.3 ya bidhaa zilizotakiwa kuwa rafuni hazikuwapo. Mtu anaweza kuridhika kwamba zaidi ya asilimia 90 zilikuwapo, ila mteja hanunui wastani. Huja kutafuta kitu kimoja, na kisipokuwapo, kwake pengo ni asilimia 100. Watafiti hao walifuatilia pia anachofanya mteja huyo. Asilimia 31 walikwenda kununua duka jingine, 26 walichukua chapa nyingine, 19 walichukua aina nyingine ya chapa ileile, 15 waliahirisha, na 9 hawakununua kabisa.

Hiyo 26 inanisumbua kuliko nyingine zote. Ni watu ambao tayari walikuwa wameshawishika. Tangazo lilikwisha kufanya kazi yake, wametembea hadi kwenye rafu, na hapo wakakabidhiwa kwa mshindani, ambaye hakutumia hata senti moja kuwapata. Wengine watarudi wiki ijayo, na wengine watagundua kwamba ile chapa nyingine haina ubaya wowote. Ukiwaongeza wale 9 walioondoka mikono mitupu, chapa imepoteza zaidi ya theluthi moja ya watu waliokuja kuitafuta. Duka nalo halisalimiki, kwa kuwa wale 31 na wale 9 wametoka na fedha zao. Kwa hiyo kusema kwamba rafu tupu ni tatizo la mwenye duka peke yake, au la mwenye chapa peke yake, ni kuisoma nusu ya hesabu.

Chanzo chenyewe, kwa sehemu kubwa, hakiko kiwandani wala barabarani. Takriban asilimia 72 ya mapengo hayo yalitokana na mambo ya dukani kwenyewe, hasa makosa ya kukadiria na kuagiza, na karibu robo ya mapengo yote yalitokea wakati mzigo ulikuwa umo ndani ya jengo. Aliyewahi kufanya kazi hii anaifahamu hali hiyo: kompyuta inaonyesha kwamba pakiti 24 zipo, rafuni imebaki moja iliyolala chali nyuma kabisa, juu ya lebo ya bei ya bidhaa nyingine, na katoni yenyewe imo stoo chini ya katoni nne za kampuni tofauti. Kwa kuwa kompyuta inaamini kwamba mzigo upo, haiagizi mwingine. Tangazo la televisheni haliwezi kuifungua katoni hiyo. Anayeifungua ni mtu aliyepita asubuhi, akahesabu kwa mkono, akasogeza mbele zenye tarehe ya karibu ya kuisha muda na kupanga mpya nyuma yake.

Wanaopinga kampuni kujiingiza katika kazi za duka, hata hivyo, wana ushahidi mzito. Kampuni ya tumbaku ya Conwood iliishtaki United States Tobacco nchini Marekani, ikidai kwamba mawakala wa mshindani huyo walikuwa wakiziondoa stendi za Conwood madukani bila ruhusa, na kwamba nafasi yao ya kuwashauri wenye maduka ilitumiwa kuikandamiza. Mwaka 2000 baraza la wazee wa mahakama liliipa Conwood fidia ya dola milioni 350, ambayo kisheria ilizidishwa mara tatu, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikaunga mkono hukumu hiyo. Vilevile yapo malipo ya kununua nafasi rafuni, ambayo kampuni changa haiwezi kushindana nayo. Nchini Uingereza, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2010 zinayazuia maduka makubwa kumtaka msambazaji alipie nafasi bora, isipokuwa kwa ajili ya promosheni.

Lakini kinachoshtakiwa hapo ni kumnyima jirani nafasi, na kujaza nafasi uliyopewa ni jambo tofauti. Fedha iliyonunua nafasi ya rafu iliyo usawa wa macho ya mteja haijaleta pakiti hata moja kutoka stoo. Kwa hiyo mkataba kati ya kampuni na duka ungeweza kumruhusu mpangaji aingie stoo na kuomba hesabu ya kompyuta irekebishwe pale anapokuta tofauti, na wakati huohuo umkataze kugusa bidhaa isiyo yake. Kazi yake nayo ipimwe kwa idadi ya mapengo aliyoyakuta na aliyoyaziba. Ile picha ya stendi mpya anayoituma ofisini saa 3 asubuhi haionyeshi rafu ilivyokuwa saa 12 jioni, wateja wanapofurika.