Mangi wa kupimia mafuta

Jamani, mimi ni Mrangi. Mrangi wa Kondoa, kabila langu lina R katikati. Lakini tangu nifungue kiduka hapa Pasua, Moshi, sijasikia mtu akiniita jina langu. "Mangi, sukari robo." "Mangi, vocha ya buku." Ile R sijui ilipotelea wapi, nadhani kuna mtu aliikopa.

Na siyo Moshi tu. Nenda Dar es Salaam uulize duka, utaambiwa "pale kwa Mangi". Muuzaji awe Mpare, awe Mkinga, akishakaa nyuma ya nondo na kipimo cha mafuta mkononi, basi, Mangi huyo. Kwenye vichekesho ndiyo usiseme: Mangi akitokea lazima awe analamba kidole anahesabu noti, chenji inamtoka kama jino. Desemba mabasi ya kuja huku yakijaa, konda hana kazi ya kuuliza majina: mwanaume Mangi, mwanamke Manka. Mke wangu ni Mnyiramba wa Singida. Anaitwa Manka, na anaitika!

Sasa Mangi mwenyewe ni nani? Si ni mfalme wa Wachaga! Mangi Meli wa Old Moshi aliwasumbua Wajerumani mpaka wakamnyonga mwaka 1900, na wajukuu zake wamekitafuta kichwa chake hadi huko Ujerumani. Mwaka 1952 akasimikwa Mangi Mkuu, Thomas Marealle, Uchaga mzima chini yake. Baada ya uhuru machifu wakaondolewa, cheo kikabaki kinazagaa, ndipo tukaokota sisi wa dukani. Mangi Horombo na Mangi Mandara walau majina yao yamepewa vituo vya kulala mlimani Kilimanjaro. Cha Horombo kiko mita 3,720, Mzungu analipa dola kulala pale na baridi yote ile. Mimi nalala juu ya viroba vya sembe, bure, na panya.

Wazee wa hapa wananisalimia Kichaga. "Shimbonyi, Mangi!" Nami najibu, "Nzuri tu, unataka nini?"

Mfalme gani anagongewa saa tano usiku kwa kibiriti? "Mangi! Mangi! Umelala?" Hapana, niko barazani naamua kesi za mashamba. Meli alipambana na bunduki, mimi jana nimepambana na Mama Junia kuhusu yai viza. Kashinda yeye.

Nimebandika ukutani KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Wanaisoma kwa sauti, wanacheka, halafu wanakopa. Na daftari langu ukilifungua utadhani ni orodha ya matajiri wa nchi: Bosi, mkate na majani ya chai. Mheshimiwa, sigara mbili. Tajiri, elfu saba na mia nne tangu Pasaka.

Juzi kaja katoto ka nyumba ya nyuma.

"Mangi, mama anasema nipe mafuta ya mia tano na mayai mawili, baba atalipa."

"Baba yako niandike nani?"

"Mangi."

Kumbe baba yake dereva wa bajaji, Mchaga wa Kibosho, kijiweni jina lake ndiyo hilohilo. Nikaandika. Mwisho wa mwezi Manka kakaa na daftari, kalamu sikioni, anajumlisha. Akaniangalia muda mrefu.

"Baba Rama, hivi hata wewe unakopa hapa?"