Hukumu ya Mungu ni habari njema kwa Nabothi

Hukumu ya Mungu ikihubiriwa, mara nyingi tunasikia moto na kusaga meno tu. Watu wanatetemeka, wanatubu, na baada ya siku chache hofu imekwisha. Mimi naamini Mungu huhukumu ili kunyoosha kilichopindwa, na wa kwanza kuifurahia hukumu hiyo ni aliyedhulumiwa. Zaburi ya 96 inaziambia mbingu, bahari na miti ya msituni vishangilie, kwa sababu Bwana anakuja kuihukumu nchi!

Soma 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi kule Yezreeli, alifanye bustani ya mboga. Nabothi akakataa, ulikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akajilaza kitandani, akasusa chakula. Mkewe Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia muhuri wake. Mfungo ukatangazwa, wazee wakakaa, mashahidi wawili wakadai Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe hadi akafa.

Utaratibu wote ulifuatwa, na hilo ndilo linalotisha. Mahakama za wanadamu zilishafunga kesi. Kama hakuna Mungu anayehukumu, basi Nabothi amekufa na jina la mkufuru, na mboga za mfalme zinastawi. Lakini nabii Eliya alitumwa na Mungu palepale shambani, akamwambia Ahabu waziwazi kwamba ameua na kunyang'anya.

Mwisho wa sura hiyo unanigusa zaidi. Ahabu alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga, na Mungu akauahirisha msiba aliokuwa amemtangazia kupitia Eliya. Muuaji alisikilizwa! Mji wa Ninawi nao ulipotubu kwa onyo la nabii Yona ulipona hivyohivyo, hata Yona mwenyewe akakasirika. Katika Ezekieli 33:11 Mungu anasema hafurahii kufa kwake mwovu, bali aiache njia yake aishi. Anayekuonya kabla anataka ugeuke.

Ndiyo maana siwakubali wanaotangaza hukumu ya Mungu kila watu wanapofikwa na maafa. Yesu alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, akawageukia waliokuwa wakimsikiliza: wao ndio watubu. Petro naye anasema hukumu huanzia nyumbani mwa Mungu, yaani kwetu waumini, na sijui ni lini tuliamua kwamba huanzia kwa jirani.

Na huyo tunayemkiri katika Kanuni ya Imani kwamba atakuja kuwahukumu wazima na wafu ni nani? Ni Yesu, aliyeletewa mashahidi wa uongo, akashtakiwa kwa kukufuru, akauawa nje ya mji. Alisimama palepale aliposimama Nabothi. Hakimu wa namna hiyo namngoja kwa furaha, ijapokuwa nami nina ya kujibu mbele zake.