Naisubiri hadi iingie rasmi

Kila inapotoka zana mpya ya kusanidi seva, wenzangu huniuliza kwa nini bado nimeng'ang'ania ile ya zamani. Jibu langu ni lile lile: naisubiri iingie kwenye hazina rasmi ya mfumo endeshi ninaoutumia, yaani mkusanyiko wa programu unaotunzwa na waandaaji wa mfumo huo. Kwenye kompyuta yangu binafsi nazijaribu zote, tena mapema. Seva zinazotegemewa na watu wengine ni jambo jingine.

Kuna mwaka nilikiuka msimamo huu. Niliipenda mno zana fulani, nikaipakua moja kwa moja kwa mtengenezaji wake na kuhamishia huko mipangilio yangu yote. Miezi ikapita bila tatizo. Kisha toleo jipya likaja na muundo tofauti kabisa wa faili, lile la zamani likaachwa bila marekebisho ya usalama, na mtengenezaji, mtu mmoja aliyekuwa akijitolea, hakuwa na muda tena. Simlaumu, maana hata senti moja sikumlipa. Lakini mimi ndiye niliyekesha nikiandika upya mipangilio, faili moja baada ya nyingine, huku watumiaji wakisubiri huduma irudi.

Usiku ule nilielewa ninachokisubiri hasa. Zana ikishaingizwa rasmi, kuna watu wamekubali kuubeba mzigo wake. Toleo thabiti la Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kwa mfano, hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 3, na mpango wa LTS (msaada wa muda mrefu) hulifikisha miaka 5. Nikilala, yupo anayeangalia.

Tazama nftables, zana ya kupanga sheria za fayawoli, ile kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao. Iliingia kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 3.13 Januari 2014, ila Debian ilikuja kuifanya chaguo-msingi kwenye toleo la 10, Julai 2019. Ni zaidi ya miaka mitano! Lakini aliyesubiri alikuta njia imeshasafishwa: amri za iptables, zana iliyoitangulia, alizozizoea ziliendelea kufanya kazi juu ya nftables, akapata nafasi ya kuhamisha sheria zake taratibu.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, nami naikubali. Kustomize, zana ya kurekebisha faili za mipangilio ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi), iliingizwa ndani ya kubectl 1.14, programu ya kuipa Kubernetes amri, mwaka 2019, halafu ikaganda kwenye toleo la 2.0.3 hadi kubectl 1.21 ya mwaka 2021, ilhali Kustomize yenyewe ilikuwa imeshafika toleo la 4. Waliotegemea ile ya ndani walibaki nyuma miaka miwili, na wao ndio waliokuwa wamesubiri kama mimi.

Kwa sababu hiyo siku hizi nasoma pia historia ya kifurushi cha zana kwenye hazina: nani anakitunza, na mara ya mwisho alikigusa lini. Nikikuta kimya kirefu, nabaki na zana yangu ya zamani hadi toleo lijalo.