Bomba la chuma likianza kuvuja kwenye uzi, acha viraka

Nyumba nyingi za zamani za Upanga jijini Dar es Salaam, Tanga mjini, Moshi au Mombasa zimejengwa kwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Hata ile ya mwaka 1970 sasa imevuka nusu karne, na mabomba ya aina hiyo huhesabiwa miaka 40 hadi 50 ikiwa maji ni mazuri. Pwani, ambako watu huchanganya maji ya idara na ya kisima chenye chumvi kwenye tangi moja, umri huo hupungua sana. Wenye nyumba hapa hukosea kwa namna mbili. Kwanza hung'ang'ania viraka kwenye mfumo uliokwisha. Halafu siku wakichoka, huita fundi atindue kuta zote bila mtu yeyote kupima chochote. Kupima kunataka ndoo, saa, kalamu ya alama na penseli. Hakuna sababu ya kubahatisha.

Bomba hili huliwa kutoka ndani. Zinki ikiisha, chuma huanza kutoa kutu, na kutu huvimba ikawa vinundu vinavyoziba njia ya maji. Huko nje unaweza kuona bomba safi lenye rangi yake. Sehemu dhaifu kuliko zote ni pale linapokatwa uzi, yaani mikato kama ya skrubu, ili liingie kwenye viungo kama soketi, elbo au tii. Ukuta wa bomba la nusu inchi la daraja la kati una unene wa milimita 2.6, na ukishakatwa uzi hubaki chini ya milimita 1.5. Ndiyo maana mvujo wa kwanza karibu kila mara hutokea kwenye maungio. Fundi akikuambia "ni elbo tu imechoka", mwulize elbo nyingine zilizofungwa siku ileile zina hali gani.

Mgao wa maji nao huharakisha uharibifu. Bomba lililojaa muda wote hupata kutu polepole kwa sababu hewa ya oksijeni ndani yake ni kidogo. Bomba linalokauka siku mbili kisha likajaa tena hubaki na unyevu na hewa kwa pamoja, na hapo ndipo kutu hushamiri. Maji yakirudi kwa kishindo, hewa iliyobanwa hubandua magamba ya kutu na kuyapeleka kwenye koki, kwenye bomba la mvua la bafuni na kwenye floti ya choo.

Anza na rangi ya maji. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua koki, kinga maji ya kwanza kwenye chombo cheupe. Yakiwa mekundu kwa nusu dakika kisha yakawa safi, kutu inatoka kwenye mabomba ya nyumba yako, maana ni yale maji yaliyolala ndani usiku. Yakiendelea kuwa mekundu ndoo baada ya ndoo, chunguza tangi na maji yanayoingia kutoka barabarani. Yakiwa mekundu upande wa moto peke yake, shida huenda iko kwenye hita. Watu wengi huruka hatua hii na kubadilisha mabomba ilhali tope limejaa chini ya tangi lisilosafishwa kwa miaka.

Kinachofuata ni kasi. Nyumba nyingi hutegemea tangi la juu, na kila mita moja ya kimo hutoa msukumo wa bar 0.1 tu. Tangi lililo mita 3 juu ya koki lina bar 0.3, msukumo mdogo mno kiasi kwamba kizuizi chochote njiani kitaonekana. Chukua ndoo ya lita 10, ijaze kwenye koki iliyo karibu kabisa na tangi huku ukihesabu sekunde, kisha rudia kwenye koki ya mbali zaidi. Kabla ya hapo fungua koki uangalie mpira wake na usafishe kichujio, kwa maana koki iliyoziba hutoa jibu la uongo. Ya karibu ikijaza kwa dakika moja na ya mbali ikachukua tatu au nne, ilhali geti vaivu zote, zile za kufungia maji njiani, ziko wazi, bomba la katikati limebanwa. Kipenyo kikipungua nusu, nafasi ya maji hubaki robo, na msuguano hufanya maji yanayopita yawe pungufu hata ya hiyo robo.

Sasa mvujo uliojificha, na hapa pana kosa la kawaida. Watu hufunga koki zote na kuangalia mita. Lakini kwenye nyumba yenye tangi, mita huonyesha bomba la kutoka barabarani hadi kwenye tangi tu. Kwa hiyo pima mara mbili. Ya kwanza: maji ya idara yakiwa yanatoka, funga vaivu ya kuingilia tangi na uangalie gurudumu dogo la mita. Likizunguka, kuna maji yanayopotelea ardhini. Ya pili: usiku jaza tangi, funga maji yanayoingia, weka alama kwenye kimo cha maji, funga koki zote na vaivu ndogo za vyoo, kisha usitumie maji hadi asubuhi. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.1 hupoteza takriban lita 9.5 kwa kila sentimita inayoshuka. Kimo kikishuka sentimita 3, karibu lita 28 zimeingia ukutani au chini ya sakafu kwa usiku mmoja. Vaivu za vyoo nimezitaja makusudi: choo kinachovuja kimyakimya hufanana kabisa na bomba bovu. Kukijua, tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, badilisha mpira wa ndani na uache ukuta wako kwa amani.

Vipimo hivi vikionyesha ubaya, bado usitindue. Kata kipande. Tafuta mahali bomba linapoonekana, chini ya sinki au nje karibu na tangi, afadhali lililolala kuliko lililosimama, kwa kuwa tope na kutu hukaa zaidi kwenye lililolala. Funga vaivu, kata sentimita 15 kwa msumeno wa chuma, na uwe na nipo mbili (vipande vifupi vyenye uzi pande zote) na yunioni (kiungo kinachofunguka katikati) ya kurudishia pamoja na katani ya kuziba uzi. Fundi awe na kifaa cha kukata uzi palepale. Asipokuwa nacho, aahirishe, maana kulitikisa bomba la zamani kwa spana bila mpango huvunja maungio mengine yaliyo ndani ya ukuta. Sasa tazama ndani. Bomba la nusu inchi likiwa jipya lina uwazi wa kama milimita 16. Penseli ya kawaida ina unene wa milimita 7 hivi. Penseli ikipita ikiyumba, bomba lina miaka mbele yake, na mvujo wako unaweza kurekebishwa kwenye ungio moja. Ikikwama, bomba hilo limekwisha, na yaliyofungwa pamoja nalo yako vilevile.

Msimamo wangu ni huu: uzi ukivuja sehemu mbili tofauti ndani ya mwaka mmoja, na penseli ikakwama, badilisha mfumo mzima wa maji safi wa nyumba hiyo. Usibadilishe jikoni leo na bafu mwakani. Kila kipande kipya kinachofungwa kwenye bomba kuukuu hulazimu kuusumbua uzi uliochoka upande wa pili, na mvujo huhamia hapo. Kufunga mpira wa tairi la baiskeli na waya kunafaa kwa usiku mmoja hadi duka lifunguliwe. Kuuacha mwaka mzima ni hatari kwa afya, na hili halisemwi vya kutosha. Tundu linalotoa maji bomba likiwa limejaa ndilo linalovuta uchafu bomba likiwa tupu. Kwenye kiwanja ambacho bomba la barabarani linapita karibu na chemba au shimo la choo, mgao wa maji huligeuza tundu hilo kuwa mlango wa kipindupindu na homa ya matumbo. Kama kuna pesa ya kipande kimoja tu, anza na hicho cha ardhini.

Na tafadhali usinunue pampu kuwa dawa ya maji madogo. Pampu ndogo ya nusu farasi huweza kuongeza bar 2 au 3 kwenye mabomba yaliyozoea bar 0.3. Maji yatapata nguvu wiki chache, kisha uzi mwembamba utaachia, mara nyingi ndani ya ukuta na mara nyingi usiku.

Kwenye majengo ya ghorofa, bomba moja linalopanda hugawia nyumba zote. Mpangaji akibadilisha mabomba ya ndani kwake huku lile linalopanda limejaa kutu, atakuwa ametupa pesa. Pimeni ndoo kwa kila ghorofa siku moja, mwandike majibu, mumpelekee mwenye jengo. Karatasi yenye sekunde za kila nyumba ni ngumu kubishia.

Siku hizi wengi huweka mabomba ya plastiki ya PPR, na ni chaguo zuri. Tatizo ni vipimo. Namba iliyoandikwa kwenye PPR ni kipenyo cha nje. Bomba la milimita 20 la daraja la PN20 (namba ya kuhimili msukumo) lina ukuta wa milimita 3.4, hivyo uwazi wake ni milimita 13.2, mwembamba kuliko bomba jipya la chuma la nusu inchi. Fundi anayebadilisha "nusu kwa nusu" kwenye nyumba ya tangi la juu huacha maji madogo kwenye mabomba mapya. Tumia milimita 32, yenye uwazi wa 21.2, kutoka kwenye tangi hadi unapogawia vyumba. Kisha 25, yenye uwazi wa 16.6, kwenda kila chumba. Hiyo ya 20 ibaki kwa kipande kifupi cha mwisho cha koki moja.

Mashine ya kuunganishia iwe nyuzijoto 260. Bomba la 20 hupashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha husukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Fundi akizidisha muda, plastiki iliyoyeyuka huziba ndani kama koo lililovimba, na huwezi kuiona kwa nje. Mwambie aunganishe kimoja cha majaribio, akikate katikati, mkitazame pamoja. Sehemu zinazopigwa na jua zifunikwe, au hapo litumike bomba jeusi la poli linalostahimili jua.

Njia mpya si lazima ifuate ya zamani. Kupitisha mabomba juu ya dari na kushuka ukutani nyuma ya kabati huokoa vigae na lipu. Bomba kuukuu libaki ukutani, lakini likatwe na kuzibwa kwa plagi pande zote mbili, lisiachwe limeunganishwa na mfumo mpya. Kabla ya kupiga lipu, ziba ncha zote, toa hewa, sukuma maji kwa pampu ya majaribio hadi bar 10 na usubiri. Plastiki hutanuka kidogo, kwa hiyo mshale wa kipimo cha msukumo utashuka mwanzoni. Ongeza tena, kisha hesabu saa nzima. Ukishuka tena, tafuta ungio linalovuja sasa, wakati bado linaonekana. Piga picha za kila ukuta huku futi kamba ikionekana, ili atakayetoboa baadaye ajue pa kukwepa.

Jambo moja linaweza kuua mtu. Katika baadhi ya nyumba za zamani waya wa ardhi wa umeme ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Ukiweka plastiki, njia hiyo ya umeme kwenda ardhini inakatika bila taa hata moja kuzima, na ganda la hita au friji linaweza kushika umeme. Mwite fundi umeme aangalie waya huo unaishia wapi, apigilie fimbo ya shaba ardhini na kuipima, kabla bomba la chuma halijakatwa.