Kanuni ya Yamane na mama lishe 80

Kila msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, wahadhiri hulalamika yaleyale: wanafunzi wa shahada ya kwanza wanadesa. Usuli umenyofolewa kwenye kazi ya mwaka juzi, tamko la tatizo halina tatizo, mada imebadilishwa jina la wilaya tu. Ni kweli. Steshenari za jirani na chuo nazo hazikosi mafaili ya kuuza.

Lakini kijana huyu katokea wapi? Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita amepewa maswali, akapimwa kwa majibu. Leo anaambiwa, "Lete mada tatu Ijumaa." Mada, si swali. Analeta "Athari za" kitu fulani katika wilaya fulani, maana ndicho alichoagizwa.

Halafu inakuja kanuni ya Yamane ya 1967, ile ya kukokotoa sampuli, yaani idadi ya watu wa kuhojiwa, inayonakiliwa bila kuulizwa kazi yake. Kwa kosa la makadirio linaloruhusiwa la asilimia 5, watu 1,000 hutoa sampuli ya 286. 10,000 hutoa 385. 100 hutoa 80. Sasa mwanafunzi anataka kujua kwa nini mama lishe wa soko fulani hawaweki akiba. Anawahesabu, wako 100, anakokotoa, anapata 80. Themanini kati ya mia! Si awahoji wote tu? Au, kwa kuwa ameuliza kwa nini, akae na kumi kwenye benchi lao wakimenya viazi, asikilize. Kanuni ile ni ya kukadiria wangapi kati ya wote wanafanya jambo fulani, tena inadai wateuliwe kwa bahati nasibu. Yeye atahoji atakaowakuta saa nne asubuhi, na analijua hilo. Anajua pia kwamba sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, isipokuwa na kanuni hurudishwa na wino mwekundu. Yangu ilirudi.

Msimamizi ana mzigo wake: vipindi, mitihani ya kusahihisha, rundo la wanafunzi wa kusimamia. Kiolezo cha pendekezo, pamoja na kanuni yake, kinamwokolea muda, na mwanafunzi asiyejua pa kuanzia hupata pa kushika. Sikipingi. Ila kabla ya kudai mada tatu angetenga dakika kumi amuulize huyu wa mama lishe: pale sokoni nini kinakushangaza? Jibu angekuwa nalo. Chakula cha mchana anakula palepale, mara nyingine kwa mkopo.