Picha ya 44

Kamera ya mkanda ya marehemu babu, Yashica Electro 35, iliniangukia mimi, na nilipoirithi nikajirithisha na ufundi wake. Ujiji nzima inapiga picha kwa simu, mimi napita na lichuma shingoni, nimekunja uso.

Kamera zenyewe za aina hii zina mambo. Huchungulii kupitia lenzi, unachungulia kidirisha cha juu yake, na katikati ya kidirisha mtu mmoja anaonekana wawili. Unazungusha lenzi taratibu mpaka wale wawili wawe mmoja, ndipo unafyatua. Bibi alichungulia, akaniona nina vichwa viwili.

"Kumbe ndiyo maana marehemu aliongeza mke!"

Jumapili akajifunga kanga mpya, akataka apigwe pale kwenye mnara wa Livingstone, chini ya miembe. "Wazungu wawili walisalimiana tu hapa mwaka 1871, wakajengewa mnara. Mimi nimezaa tisa, sina hata picha!" Nikampiga sita. Kisha nikateremka ufukweni Kibirizi, akina mama wa dagaa wakakubali kwa sharti kila mmoja aletewe yake. Nikaahidi kumi na moja. Mdomo hauna kodi.

Mkanda ulikuwa wa picha 36. Nikafyatua ya 36, nikavuta, ukaenda. Ya 37. Ya 38. Mikanda huwa na bakshishi ya moja au mbili mwishoni, basi nikashukuru. Ya 40 nikawapa watoto waliokuwa wakiogelea. Kufika 44 nikaanza kuogopa. Hata baraka za babu zina kipimo.

Usiku nikazungusha kirudishio, kile cha kurudisha mkanda kwenye kibati chake. Kikazunguka kama feni, hakina uzito hata chembe. Nikafungua mgongo: mkanda umo ndani ya kibati chake, mzima kabisa, umetoa ulimi tu. Haukushika jino la kuuvuta! Kutwa nzima nilivuta hewa. Na dalili ilikuwepo, maana ukivuta mkanda, kile kirudishio cha kushoto hutakiwa kizunguke nao. Changu kilitulia siku nzima kama mgeni rasmi.

Asubuhi Bibi alikuwa uani anachambua dagaa.

"Mume wangu, picha yangu iko wapi?"

Nikainamisha kichwa. "Bibi, mkanda umeungua."

Hata hakuinua macho.

"Mwenzio naye aliniambia hivyohivyo. Kesho yake ya harusi."